Utepe Hukatwa, Kebo Husahauliwa

Katika nchi yetu mashine huzinduliwa kwa ngoma na hotuba, lakini sijapata kuona mgeni rasmi akikata utepe mbele ya kebo. Hili si jambo dogo, kwani thamani ya kipimo haimo ndani ya mashine iliyopima, imo katika jibu kumfikia anayeamua.

Niliyaona hayo katika hospitali moja wilayani Muleba, nilikoombwa kwenda kwa sababu watu hudhani mhadhiri anajua kila chenye umeme. Nilitoka Bukoba asubuhi, nikapita Kemondo, nikafika maabara yenye mashine ya msaada ya kuhesabu chembe za damu. Kando yake palikuwa na kompyuta, na kati ya viwili hivyo, daftari. Mtaalamu wa maabara alisoma tarakimu kwenye kioo, akaziandika daftarini, kisha akaziingiza upya kwenye kompyuta.

“Mwalimu,” aliniambia, “wagonjwa wakiwa wengi, naogopa mkono wangu kuliko ugonjwa.”

Nilimwelewa Mama yule. Himoglobini ya gramu 4.8 kwa desilita ikiandikwa 8.4, mtoto mwenye upungufu mkali wa damu huonekana mwenye upungufu wa wastani, naye huambiwa asubiri foleni.

Mashine ile ilitumia RS-232, kanuni ya mawasiliano iliyotolewa Marekani mwaka 1960. Kanuni ni kongwe, ila ina adabu zake. Kwanza tulikuta kimya. Tuliunganisha pini ya 2 na ya 3 kwenye mlango wa kompyuta, tukaandika neno, likarudi kiooni. Kumbe kompyuta ilikuwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye kebo: pande zote mbili zilisemea waya mmoja na kusikilizia mwingine. Tulipopata kebo inayopishanisha nyaya hizo, kimya kikageuka kelele, yaani alama zisizosomeka. Mama akasikitika, mimi nikafurahi, maana kelele huthibitisha kwamba njia ipo. Mashine ilituma biti 9600 kwa sekunde, kompyuta ikizipokea kana kwamba ni 19200. Tukazilinganisha.

Likabaki fumbo la mwisho. Mashine ilituma alama moja tu, ikangoja, ikanyamaza. Alama hiyo ilikuwa namba 5, ambayo kwa lugha ya vyombo hivyo ni hodi. Haitoi jibu la mgonjwa mpaka ipate namba 6, yaani karibu. Programu ya kompyuta haikuwa imewekwa kuitikia. Ilipoelekezwa, majibu yakaanza kuingia, kila fungu likifuatwa na namba ya uhakiki. Likiharibika njiani, mpokeaji hulikataa nalo hutumwa tena.

Kagera haina anasa ya kuyapuuza haya. Tarehe 21 Machi 2023 serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg uliotokea Bukoba Vijijini: wagonjwa 9, vifo 6. Januari 2025 ugonjwa huo ukathibitishwa tena mkoani humu, wilayani Biharamulo. Katika mkoa wa namna hii, muda na usahihi wa jibu kutoka maabara hadi kwa tabibu ni sehemu ya tiba.

Tena yapo ya kujifunza nje ya maabara. Taarifa za wananchi nazo huugua kimya, kelele na kukosa mwitikio, na kila ugonjwa una dawa yake. Asiyefikiwa na sauti ya kijiji asilaumu kijiji kwa kunyamaza, akague njia. Anayesikia makelele ajiulize kama anasikiliza kwa mwendo wa wasemaji. Na ofisi isiyoitikia hodi isishangae watu wakiacha kubisha.

Kwa hiyo ninapendekeza jambo la kawaida kabisa. Mkataba wa kupokea mashine, iwe ya kununuliwa au ya msaada, utaje kebo, kitabu cha maelekezo, mipangilio ya mawasiliano na siku za mafunzo. Na makabidhiano yasitiwe saini mpaka jibu la kwanza litoke kwenye mashine na kuingia kwenye kompyuta bila kupita kwenye daftari. Hapo ndipo utepe ukatwe.