Mizani ya Umeme

Kupunja katika vipimo ni dhambi ambayo sisi Waislamu huonywa tangu utotoni, na sura ya 83 ya Kurani Tukufu, Al-Mutaffifin, imeitwa kwa jina la watu wa kitendo hicho. Aghalabu tuisikiapo humfikiria muuza mchele na kibaba chake. Hatukupata kudhani kwamba sisi wenyewe twaweza kuwa katika upande wa wapunjaji, tena pasipo kugusa mizani, mpaka tulipofunga Ramadhani ya mwaka 2016 nyumbani kwa binti yetu, mjini Leicester, Uingereza.

Mwezi wa Juni jua la huko huchelewa kuchwa. Tulikuwa tukifuturu saa tatu na nusu usiku, na kabla ya saa tisa daku limekwisha. Jiko la umeme halikupata kupoa. Binti yetu na mumewe wakaona heri wahamie kampuni nyingine iuzayo umeme kwa bei nafuu, maana huko mwenye nyumba huchagua muuzaji amtakaye.

Uhuru huo haukuja siku moja. Soko lilifunguliwa mwaka 1990 kwa wateja wakubwa wa zaidi ya megawati 1. Mwaka 1994 likafika kwa wale wa zaidi ya kilowati 100. Na baina ya Septemba 1998 na Mei 1999 likazifikia nyumba za watu wote. Lakini umeme wa wauzaji wote hupita katika waya zilezile, wala hauna rangi ya kumtambulisha mwenyewe. Ni nani, basi, atakayejua fulani ameuza kiasi gani?

Jawabu lilikuwa mita, na ilibidi kanuni zake zikubaliwe na wote. Sheria imeweka kwamba mita isizidishe hesabu kwa zaidi ya 2.5 katika 100, wala isiipunguze kwa zaidi ya 3.5. Siku hugawanywa katika nusu saa 48, na biashara huhesabiwa kwa kila nusu saa. Wateja wakubwa walitakiwa wawe na mita ziandikazo kila nusu saa. Nyumba na maduka madogo, kwa kuwa mita hizo zilikuwa ghali, yakakadiriwa kwa mifano minane ya matumizi. Mteja akihama, hesabu moja ya mita hufunga daftari la muuzaji wa zamani na kufungua la mpya. Na kila mahali paingiapo umeme pamepewa nambari ya tarakimu 13, isiyobadilika hata wauzaji wakibadilika.

Ni katika nambari ndipo tulipokwama. Kampuni mpya iliuliza nambari iliyopigwa juu ya mita yenyewe. Chini ya ngazi palikuwa na mita mbili: moja ya binti yetu, na nyingine ya bibi mzee wa Kiingereza aishiye peke yake ghorofa ya juu. Tukaangaza kurunzi, tukaona nambari iliyo katika ankara yetu si ya mita tuliyoidhania. Tukazima swichi kubwa ya nyumba. Mita iliyoandikwa katika ankara yetu iliendelea kuzunguka. Ile ya bibi ikasimama kimya.

Basi mambo yakawa wazi. Kwa miaka miwili bibi yule alikuwa akilipia jiko letu, nasi tukilipia taa zake chache.

Mkwe wetu akasema, "Baba, kosa si letu. Ni la waliozifunga mita."

Tukamjibu, "Mwanangu, mpaka jana halikuwa lako. Leo umekwisha jua."

Akainamisha kichwa, kisha akapanda ngazi pamoja nasi. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kitambo. Ndipo akatueleza kwamba majira yote ya baridi yaliyopita alikuwa akizima kipasha-joto chake jioni na kukaa amejifunika blanketi, akiamini kwamba uzee umemsahaulisha kuzima taa. Hatukuwa na la kusema.

Kusahihisha kulichukua miezi, kwa kuwa wauzaji walikuwa wawili na kila mmoja ana daftari lake. Lakini kulikuwa na nambari moja ambayo wote wawili walilazimika kuikubali, na hesabu zilizosomwa katika mita zilezile; laiti kila kampuni ingalikuwa na kipimo chake, shauri lile lisingalikwisha. Bibi alirudishiwa haki yake, na mkwe wetu akalipa deni lake kwa mafungu.

Enyi vijana, wauzaji wanapokuwa wengi, kipimo chapasa kisiwe mali ya yeyote kati yao. Lakini kanuni haishuki chini ya ngazi na kurunzi mkononi. Hilo ni la mwenye nyumba. Nasi huku Afrika Mashariki, ambako nyumba nyingi zanunua umeme kwa muuzaji mmoja, twaweza kulinganisha nambari ya mita na ile ya risiti, kisha kuzima swichi kubwa na kutazama. Kama mita yaendelea kuhesabu, tusijiulize tu ni nani anayetupunja. Tumwulize jirani pia kama sisi hatumpunji yeye.