Nani Achaguliwe wa Kwanza

Kwenye viwanja vya vumbi vya Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Chang'ombe, kuchaguana timu kuna sheria ambayo hakuna aliyeiandika. Makapteni wawili wanasimama, mmoja anaanza. Wa kwanza kutajwa ni mfungaji, anafuata mpiga chenga. Mabeki hukumbukwa pale ambapo waliobaki ni watoto waliokuja kuokota mipira. Mimi nilikuwa beki. Sikuwahi kuiona sheria hiyo kama tusi; niliiona kama bei ya soko.

Bei hiyo haiishii mtaani. Dirisha la usajili likifunguliwa, mashabiki wa Simba na Yanga huulizana kwanza kuhusu straika. Mwaka 2017 PSG walilipa euro milioni 222 kwa Neymar. Miezi michache baadaye Liverpool walimchukua Virgil van Dijk kwa pauni milioni 75, na bado wengi waliguna: pesa yote hiyo kwa beki? Tuzo ya Ballon d'Or nayo haijaenda kwa beki tangu Fabio Cannavaro alipoichukua mwaka 2006.

Lakini matokeo yana hesabu yake. Kwenye AFCON ya Misri mwaka 2019, Taifa Stars walifunga mabao 2, wakaruhusu 8, wakarudi bila pointi hata moja. Januari 2024 kule Ivory Coast walifunga bao 1 tu, wakaruhusu 4, wakapata pointi 2 kwa sare na Zambia na Kongo. Tulifunga kidogo zaidi, tukavuna zaidi. Yanga nao walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 wakiwa na Fiston Mayele, mfungaji bora wa mashindano. Kilichowanyima kombe ni mabao mawili waliyoruhusu nyumbani, kwa Mkapa, dhidi ya USM Alger. Kule Algiers walishinda 1-0, kwa penalti ya beki Djuma Shabani, lakini kanuni ya bao la ugenini ilikuwa imeshawahukumu.

Kwa nini basi beki asichaguliwe wa kwanza? Nadhani ni kwa sababu haonekani haraka. Mfungaji anahitaji mpira mmoja tu ili umjue. Kazi ya beki ni mambo yasiyotokea: krosi isiyopigwa, pasi ambayo mpinzani aliiogopa. Hayo huwezi kuyaona kwa jioni moja. Bakari Mwamnyeto alikomaa Coastal Union, Dickson Job akakomaa Mtibwa Sugar, Ibrahim Bacca akacheza KMKM ya Zanzibar, ndipo Yanga wakawachukua. Wengine walikuwa wameshatumia misimu yao kuwatazama.

Nilikuwa na hesabu hizi kichwani siku dada yangu aliponiita nyumbani kwake. Ana vijana wawili waliopishana mwaka mmoja, mkubwa mfungaji, mdogo beki wa kati. Kulikuwa na majaribio ya vijana Dar es Salaam, na pesa aliyobakiza baada ya kuuza zabibu ilitosha nauli, chakula na viatu vya kijana mmoja.

"Mdogo wangu, wewe ndiye unayejua mpira. Aende nani?"

Nikamwambia, japo mimi mwenyewe ni beki, aende mfungaji. Majaribio ni ya dakika chache, watoto ni wengi, na anayechagua kwa haraka huchagua mabao. Dada alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyu wa mabao hata akibaki hapa ataitwa," akasema. "Kila wiki kuna mtu anamuulizia. Huyu mwingine nani amewahi kumuulizia? Wao watamwona jioni moja. Mimi nimemwona miaka kumi na tano."

Sikuwa na jibu la maana. Bado naamini kwamba mwenye jioni moja atachukua mfungaji, na kwa muda alionao hafanyi ujinga. Ila chaguo la kwanza kwa beki ni la mtu aliyetazama muda mrefu, na nyumba ile mtu huyo alikuwa mmoja tu. Dodoma Jiji au timu yoyote isiyo na fedha za Kariakoo ingepata faida hapohapo: iwe na mtu wa kukaa pembeni ya viwanja vya mtaani msimu mzima, akiwatazama wale wanaotajwa mwisho.

Mkubwa hakufurahi, na hakuna aliyemwambia afurahi. Tumekata tiketi mbili za SGR za Ijumaa, yangu nimejilipia. Mdogo nimempa ushauri mmoja: aongee uwanjani, awapange wenzake kwa sauti, maana beki akinyamaza jioni ile hakuna atakayejua kwamba alikuwepo.