Nozeli Mbovu Hujitaja

Usilolijua ni usiku wa kiza. Injini ya silinda 4 ya kinu cha mjomba ilipoanza kutetemeka na kutoa moshi mweusi, aliambiwa anunue nozeli zote. Lo! Karo yangu ingeenda na maji. Injini ikinguruma polepole, mjomba alilegeza nati za paipu za nozeli, moja baada ya nyingine, akizikaza tena. Tatu zilipolegezwa, injini ililemewa. Moja haikuleta tofauti yoyote. "Huyu ndiye mvivu!" Akaihamishia silinda nyingine, ugonjwa ukahama nayo. Akanunua moja tu.

Wenzangu, msikinge mkono hapo: dizeli yenye shinikizo hupenya ngozi. Wala msijaribu haya kwa injini za kisasa za komoni reli. Kwanza pima, ndipo ununue.