Sebule Iliyo Chini ya Nyumba

Ikiwa hujawahi kufika huku kwetu mpakani mwa Kericho na Bomet, basi jua kwamba uwanja tambarare kwetu ni bahati. Tukicheza mpira, sharti mmoja wetu awe na kazi ya kuufuata bondeni. Hata nyumba zetu zimejengwa kwenye miteremko. Upande wa juu sakafu hukaribia kugusa ardhi, na upande wa chini hubebwa na ukuta wa mawe mrefu kumshinda mtu. Kati ya mbao za sakafu na udongo hubaki pango. Watu huliita andagraundi. Humo huwekwa kuni, viazi, mbolea na kuku wanaotamia.

Katika makala haya nataka kueleza jinsi pango la kwetu lilivyogeuzwa kuwa sebule ya burudani. Wengi wetu hudhani kwamba sebule kama hiyo huanza na televisheni kubwa na viti vya sofa. La hasha! Huanza na maji, tena huanza na kujua inajengewa nani.

Kaka yangu ana miaka 22. Alipomaliza Kidato cha Nne alipata kazi ya kuchuna majani chai katika shamba kubwa moja. Malipo hayakuwa manono, lakini viatu vyangu vya Kidato cha Kwanza alininunulia yeye. Kisha mashine za kuchuna zikaongezwa. Mashine moja hushikwa na watu wawili au watatu, nayo hufanya kazi ya wachunaji wengi. Mnamo Mei 2023 hasira za vijana zililipuka huku Kericho na mashine kadhaa zikateketezwa, lakini moto ule haukumrudishia mtu kazi. Kaka naye aliambiwa asirudi.

Asiye na kazi mchana hutafuta pa kwenda usiku. Kaka alizoea kwenda senta kwenye banda la video. Huko kuna mpira, kuna kubeti, na nyuma ya banda kuna busaa. Baba akaweka sheria: saa tatu usiku mlango unafungwa, aliye nje atajua mwenyewe. Usiku mmoja wa Novemba 2024 kaka alifika saa tano na mvua inanyesha. Hakubisha hodi. Asubuhi Mama alipokwenda kuchukua kuni, alimkuta amelala juu ya magunia ya mbolea, na kijito cha maji kinapita kando yake kutoka ukuta mmoja hadi mwingine.

Mama hakupiga kelele. Alisimama akayatazama yale maji, kisha akainua macho akazitazama mbao za sakafu. Jioni, tukinywa chai, akasema:

"Baba wa watoto, ile andagraundi nataka kuitengeneza. Iwe mahali pa kukaa."

Baba akaweka kikombe chini. "Nimjengee mtu sinema ndiyo alale vizuri akitoka kulewa?"

"Si wewe unajenga. Ni mimi. Niko na bonasi yangu."

Hapa naomba nieleze kidogo. Wakulima wadogo wa majani chai hulipwa kila mwezi kwa kilo walizopeleka kwenye kituo cha kununulia. Malipo ya pili, ambayo sisi huyaita bonasi, huja mara moja kwa mwaka, na kwetu ilikuwa imeingia Oktoba. Mama ana sehemu yake ya shamba na nambari yake mwenyewe pale kituoni, kwa hiyo bonasi ile ilikuwa jasho lake. Baba alilijua hilo, lakini alitoa neno moja lililotukaa kichwani: "Pesa ya majani haitupwi shimoni." Tangu siku hiyo hakushuka huko chini. Basi mambo mawili yakawa hatarini: bonasi ya mwaka mzima, na kijana wa boma letu.

Kazi ilianza Desemba, likizoni, mvua ilipopungua. Fundi aliyekuja alikuwa mzee wa maneno machache. Sisi tulimfungulia mlango wa pango, yeye akakataa kuingia. Alizunguka akapanda nyuma ya nyumba, upande wa juu, karibu na zizi la ng'ombe, akapiga ardhi kwa kisigino.

"Nyinyi mnaangalia ndani," alisema. "Ugonjwa uko huku."

Ama kweli, penye wazee hapaharibiki neno. Sehemu zetu za majani chai hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Tulifundishwa darasani kwamba milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nilipima paa letu: mita 10 kwa mita 7, yaani mita 70 za mraba. Zidisha mara 2,000, utapata lita 140,000. Hayo ni mapipa 700 ya lita 200 yaliyokuwa yakianguka kila mwaka kandokando ya ukuta wetu, kwa sababu paa halikuwa na mifereji. Nilipomwonyesha Mama hesabu hiyo, alicheka akasema kumbe amekuwa akiteka maji mtoni bure. Mifereji ya mabati ikawekwa pamoja na tangi, na maji yanayofurika yakaelekezwa kwenye majani chai.

Yalibaki maji yanayoteremka ardhini kutoka mlimani. Kwa hayo fundi alituchimbisha mtaro, hatua tatu kutoka ukuta wa juu, wenye kina cha kumfika mtu kifuani, ukiinama kidogo kidogo kuelekea kando ya nyumba. Chini yake tulitandaza kokoto, tukalaza bomba lenye matundu, tukalifunika kwa kokoto tena. Juu tukaweka magunia makuukuu ili udongo usizibe matundu. Kaka alichimba kimya siku mbili. Siku ya tatu, jua likiwaka, maji yalianza kuchuruzika ndani ya mtaro. Kaka akasimama na jembe lake.

"Kumbe hii maji ilikuwa hapa kila siku!" alisema. Kuanzia hapo akawa anaamka kabla ya fundi kufika.

Jambo la pili lilikuwa kimo cha chumba. Upande wa chini mtu mrefu angesimama wima, lakini upande wa juu ungetambaa kama mtoto. Kaka alitaka tuchimbe moja kwa moja mpaka ukuta wa juu ili chumba kiwe kikubwa. Fundi akamkataza.

"Kijana, huo ndio mguu wa nyumba. Ukichimba chini ya mguu, nyumba itakaa chini. Na nyumba ikitaka kukaa haiombi ruhusa."

Akatupa kanuni ambayo nimeiandika daftarini: kadiri unavyochimba kwenda chini kupita msingi, ndivyo unavyosogea mbali na ukuta, na usipungue hapo. Kwa hiyo tuliacha ngazi pana ya udongo chini ya ukuta wa juu, tukaizuia kwa ukuta mfupi wa mawe. Baadaye Mama aliitandika mbao na mikeka ikawa benchi ya watu wanane. Mahali tulipodhani tumenyimwa nafasi, ndipo tulipopata viti vya bure.

Sakafu tuliitengeneza kwa mpango huu. Kwanza mawe yaliyopondwa na kushindiliwa, kisha karatasi nzito ya plastiki ili unyevu wa ardhini usipande, kisha zege: karai moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Fundi akasema tuimwagilie maji kwa siku saba. Lo! Tulicheka sana. Tumeyafukuza maji mwezi mzima, sasa tunayaleta kwa ndoo! Lakini zege likikauka haraka hupasuka, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuta zilipigwa plasta iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, na kaka ndiye aliyeshika mwiko kwenye kona zote mbili za mbele. Upande wa chini tulitoboa madirisha mawili. Nyaya za stima ziliingizwa ndani ya mabomba na fundi wa stima mwenye leseni, maana umeme na unyevu si marafiki.

Bonasi ilikuwa imekwisha na chumba kilikuwa kitupu. Majibu yake yalitegemea masika. Usiku mmoja wa Aprili 2025 ilinyesha mvua kubwa, ikafuatwa na ile ya mawe ambayo Kericho inajulikana kwayo. Mama, kaka nami tulishuka na tochi. Tulimulika kona hadi kona, tukapapasa ukuta kwa viganja. Juu yetu tukasikia nyayo za Baba zikija zikasimama katikati ya sakafu.

"Ni vipi huko?" aliuliza kupitia kwenye mbao.

"Ni kavu, Baba," kaka akajibu.

Palikuwa kimya. Kisha nyayo zikarudi chumbani na kitanda kikalia. Mama alizima tochi akakaa gizani kwa muda, nadhani akilia, lakini sikumuuliza.

Jirani mmoja alikuja kutazama mtaro wetu, akamwajiri kaka amchimbie wake. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Kwa pesa hizo kaka alinunua televisheni ya mtumba na king'amuzi. Julai, baridi ilipokaza, marafiki zake walitaka kuingiza jiko la makaa na kufunga madirisha. Mama alikataa katakata. Nami nilimuunga mkono kwa yale tuliyosoma katika kemia: makaa yakiwaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hushika damu mahali pa oksijeni. Mtu husinzia asiamke. "Mwenye baridi avae sweta," Mama akamaliza mjadala.

Sasa nifike kwenye burudani yenyewe. Jumamosi tarehe 13 Septemba 2025 palikuwa na fainali ya mita 10,000 ya wanawake katika mashindano ya dunia mjini Tokyo. Huko ilikuwa usiku, kwetu ilikuwa alasiri, na alasiri ndiyo saa ya mvua yetu. Wenye nyumba za mabati wananielewa: mvua ikianza, humsikii hata aliye karibu nawe, sembuse mtangazaji. Lakini kule chini, chini ya mbao, kelele za paa hufika kama mnong'ono. Habari hiyo ilienea. Majirani walikuja na watoto wao, nyanya wawili wakapewa benchi ya udongo, na sote tukamwona Beatrice Chebet, binti wa kaunti ya Kericho, akiwaacha wenzake na kutwaa dhahabu. Vigelegele vilivyopigwa viliwashtua kuku mpaka zizini.

Wiki moja baadaye, tarehe 20, ilikuwa zamu ya mita 5,000. Kabla mbio hazijaanza, mlango ulifunguliwa na Baba akaingia ameinamisha kichwa. Vijana waliokuwa kwenye benchi walisimama kumpisha. Hakukaa mara moja. Aliweka kiganja ukutani, akakishusha mpaka chini, akakitazama.

"Nani alipiga hii plasta?"

"Mimi na fundi," kaka akasema.

"Hii kona imenyooka."

Hayo tu. Akakaa. Chebet alishinda tena, Faith Kipyegon akamfuata wa pili, na Baba alipiga makofi kama sisi sote. Kesho yake alimpa kaka ufunguo wa pili wa mlango wa juu.

Nisikudanganye, msomaji, kwamba kila kitu kimekuwa shwari. Kaka bado huenda senta, na kubeti hajaacha kabisa. Kazi za mitaro hupatikana msimu hadi msimu. Baba na Mama hawajawahi kuizungumzia ile kauli ya shimo mbele yetu. Hata hivyo, jioni nyingi sasa tunajua kaka alipo, kwa sababu tunasikia sauti yake chini ya miguu yetu akibishana na wenzake kuhusu mpira. Mama akiona wamezidi, hugonga sakafu kwa mwiko wa ugali, nao hunyamaza.

Wenzangu, ukiona vyaelea, vimeundwa. Najua baadhi yenu mna pango kama hilo nyumbani, na pengine mna ndugu asiye na pa kukaa jioni. Basi, kabla hamjafikiria televisheni, ngojeni siku ya mvua kubwa. Panda nyuma ya nyumba, upande wa juu, usimame hapo, utazame maji yanakopita. Kisha mwite huyo ndugu yako mje na majembe mawili.