Tano ya Kopa

Msomaji wangu, habari nitakayokusimulia ilianza na uongo, na mwongo nilikuwa mimi. Mwaka 1997 nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi mjini London. Mwezi wa Julai matokeo yalitoka, nami nilikuwa nimeshindwa. Mama yangu, aliyekuwa Mombasa, aliuza mikufu yake ili nipate nauli ya kwenda huko, basi kila Jumapili nilipompigia simu akiniuliza, "Masomo yaendaje, mwanangu?" nilimjibu kuwa nimefaulu. Kwa miezi mitatu jibu langu lilikuwa hilo. Uongo wa kwanza ulinitoa jasho. Wa kumi na mbili ulinitoka kama salamu.

Katika nyumba nilimopanga alikaa bibi mmoja Mwingereza, mshonaji wa nguo aliyekwisha kustaafu. Siku moja nilimkuta amepanga mezani karata za namna ambayo sijapata kuiona, ziitwazo taroti. Nilipoambiwa kuwa wengi huzitumia kwa kuagulia, nikashika mlango. Nililelewa katika nyumba ambayo mpiga ramli hakukaribishwa hata barazani, wala sikutaka desturi hiyo ivunjwe na mimi. Bibi yule akacheka. Alisema kuwa yeye hazitumii kwa kutazamia ya kesho, bali kwa kujiuliza maswali ambayo kwa kawaida huyakimbia.

Nilibaki kwa sababu ya jambo dogo tu. Karata zile ni 78, na 56 kati yake zimegawanyika mafungu manne: vikombe, panga, sarafu na magongo. Babu yangu alikuwa hodari wa mchezo wa karata, na tangu utoto nilimsikia akitaja kopa, shupaza, uru na pau, nisijue maana yake. Maneno hayo yametokana na Wareno, wale walioanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, na katika lugha yao maana yake ni vikombe, panga, dhahabu na magongo. Basi nilisafiri mbali kiasi hicho kwenda kuona kwa macho vitu ambavyo babu alivitaja kila alasiri barazani kwake!

Usidhani, msomaji, kuwa karata hizi zilishuka na siri za kale. Zilitengenezwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15, kwa mchezo, na kwa zaidi ya miaka 300 watu walizicheza hivyo. Mwaka 1781 Mfaransa mmoja, Antoine Court de Gébelin, aliandika kuwa ni kitabu kilichofichwa cha Wamisri wa kale. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyeweza kuyasoma maandishi ya Wamisri hao. Yalikuja kufumbuliwa mwaka 1822, na habari za karata hazikuonekana humo. Picha alizokuwa nazo bibi yule zilichorwa na Pamela Colman Smith, zikatolewa London mwaka 1909.

Bibi alichomoa moja, akanitajia jina lake: tano ya vikombe. Nami moyoni nikaiita tano ya kopa. Ina mtu aliyejitanda joho jeusi, kichwa amekiinamisha. Mbele yake vikombe vimepinduka na vilivyokuwamo vimemwagika.

"Waona nini?" akaniuliza.

"Namwona mtu aliyetumwa maji na mama yake, akayamwaga."

"Nani amekwambia kuwa ni maji? Nani amesema ametumwa? Na huyo mama, yuko wapi katika picha hii?"

Sikuwa na jibu. Akaniuliza tena, "Vikombe ni vingapi?"

"Vitatu."

"Hebu hesabu tena."

Nikahesabu tena, nikapata vitatu. Karata inaitwa tano, jina lake nimekwisha kuambiwa, na bado nilihesabu vitatu! Bibi hakunisaidia. Baada ya kitambo kirefu ndipo nilipoviona viwili vingine vimesimama wima nyuma ya mtu yule, na ng'ambo ya mto nyumba, na daraja la kuvukia.

Jumapili ile nilimwambia mama kweli. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, "Nalijua. Tangu Agosti hujanitajia hata mwalimu mmoja kwa jina lake." Halafu akauliza, "Mtihani hurudiwa?" Nikamwambia kuwa hurudiwa. "Lini?"

Ningependa kuishia hapo, lakini sitakuwa nimekutendea haki. Nilikwenda kununua karata zangu, na usiku wa kuamkia mtihani wa marudio nikaziuliza kama nitafaulu. Ukatoka mnara uliopigwa na radi, watu wakianguka kutoka juu. Nikachanganya upya. Mara ya pili sikuridhika pia. Mara ya tatu likatoka jua, na mtoto amepanda farasi, nikafurahi. Na katika furaha ile nikajiona mjinga. Jibu nililolitaka nilikuwa nalo tangu mwanzo, na nilizisumbua karata mpaka zilipolisema. Saa nzima niliyopaswa kusoma ilikuwa imepotea. Asubuhi nilimsimulia bibi, naye alinikasirikia sana. "Karata hizi," alisema, "hazikusomea uhandisi."

Mtihani nilifaulu. Karata zangu nikazitupa, isipokuwa moja niliyoitia katika kitabu.

Mwaka 1999 nilirudi Mombasa. Mama alipokuwa akinisaidia kufungua mizigo, kitabu kile kikaanguka, na karata ikatoka. Hakujua ni karata ya namna gani, wala sikumweleza. Aliishika karibu na dirisha akaitazama kwa muda.

"Mwanamke huyu amefiwa na nani?" akauliza.

Nikamwambia kuwa mchoraji alimkusudia mwanamume.

"Hapana," alisema mama, "ni mwanamke. Anangoja simu ya Jumapili, na anajua atakaloambiwa."

Kisha akanirudishia karata yangu, akaenda jikoni kutazama wali.