Mche Uliongoja Gizani

Sisi tulio walimu tumezoea kuhukumu kwa macho, na mara nyingine macho hutudanganya. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, tuliwagawia watoto maharage, kila mtoto punje tano, wazipande katika makopo na kuyaweka dirishani. Siku ya kumi tukakagua. Kopo moja halikuwapo. Mwenyewe, msichana mpole, alikuwa amelificha ndani ya sanduku lililofunikwa, mbuzi wasile miche yake. Alipolifunua, darasa zima likacheka: miche ilikuwa mirefu, myembamba, ya manjano, imeinamisha vichwa, na majani yake madogo yamekunjamana. Tukamwandikia sifuri, tukasema, "Itupe, imekwisha kufa."

Akajibu kwa adabu, "Mwalimu, mbona imerefuka kuliko ya wenzangu?"

Hatukuwa na jibu. Tukaliweka kopo dirishani, ili kumsitiri tu. Jioni manjano ilianza kufifia. Keshokutwa yake majani yalikuwa yamekunjuka, ya kijani. Aibu ile ikatupeleka vitabuni.

Kumbe mche ulio gizani haulali. Chakula chake chote kimo katika zile nusu mbili za punje, nayo ni akiba yenye mwisho. Basi hauipotezi kwa kutandaza majani yasiyo na jua la kupokea, bali huitumia kurefusha shina lipate kutoka udongoni. Kichwa huinama kama mtu apitaye mlango mfupi, ncha laini isichubuliwe.

Na ndani ya majani yale kazi nyingine huendelea kwa siri. Mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, ambavyo ndivyo vitakavyokuwa majiko ya mmea. Gizani vifuko hivyo hufuma utando wao kama wavu uliopangika sawasawa, na humo huwekwa rangi iliyobakiza hatua moja kuwa klorofili, yaani rangi ya kijani. Misonobari mingi huweza kuimaliza hatua hiyo hata gizani. Lakini maharage na mahindi hayawezi pasipo nuru. Nuru ikiingia, rangi ile iliyo tayari hugeuka kufumba na kufumbua, na wavu hufumuka, ukapangwa upya kuwa matabaka ya kazi.

Je, mmea hujuaje kwamba nuru imefika? Mwaka 1959 wataalamu wa Beltsville, huko Marekani, walitangaza kwamba wameiona, katika miche ya mahindi iliyooteshwa gizani, rangi nyingine ipokeayo habari za nuru. Ikaitwa fitokromu.

Walakini tusilisifu giza. Akiba ikiisha kabla ya nuru kufika, mche hufa, hata ukiwa umejiandaa namna gani. Ndiyo sababu mbegu ndogo kama ulezi hufukiwa juu juu, na maharage, yenye akiba kubwa, huvumilia kina zaidi. Kopo lile lingalikaa sandukuni majuma mengine machache, maneno yetu yangalikuwa kweli.

Ile sifuri tuliifuta mbele ya darasa. Na tangu siku ile, mtoto akichelewa kufahamu, hatusemi upesi kwamba hana kitu ndani yake. Twauliza kwanza kama amepata dirisha. Wala hatukawii kuuliza, maana akiba haingoji milele.