Chenji ya Rada

Kijijini kwetu Dutwa tuliwajua watalii kwa mlio wa ndege. Magari yao yaliyotoka Mwanza yalipita Lamadi na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka; barabara ya kuja kwetu ilikuwa ya vumbi, nao hawakuwa na haja nayo. Lakini vindege vya kwenda Seronera vilipita juu ya mashamba ya pamba, nasi tuliokuwa tunapalilia tukasimama kuvipungia mikono mpaka mama atukemee.

Aprili 2008, redio ya dukani ilikusanya watu kuliko mnada wa ng'ombe. Mbunge wetu wa Bariadi Magharibi, Andrew Chenge, wakati huo waziri wa miundombinu, aliulizwa juu ya dola zaidi ya milioni moja zilizokuwa kwenye akaunti kisiwani Jersey, wakati ununuzi wa rada ya serikali ukichunguzwa, akaziita vijisenti. Siku chache baadaye akajiuzulu. Alikana kutenda kosa lolote, na hakupata kushtakiwa kwa suala la rada. Pale dukani wazee walizigeuza zile dola kuwa ng'ombe, wakahesabu, wakaacha njiani.

"Hiyo rada yenyewe ni kitu gani, mwanangu?" mmoja akaniuliza, kwa kuwa nilikuwa nasoma sekondari.

"Ni mtambo wa kuonyesha ndege ilipo angani, babu."

"Basi hivi vya wazungu vinavyopita hapa, huko Dar wanaviona?"

Hakuna aliyekuwa na jibu. Nililipata ukubwani, nikisoma habari za mkataba wenyewe. Serikali ilinunua rada kwa kampuni ya BAE ya Uingereza kwa pauni milioni 28, kwa mkopo wa benki ya Barclays. Shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, lilisema kwamba mtambo huo ni wa kijeshi hasa, na kwa kuongoza ndege za abiria hautoshi na ni ghali mno. Baadaye ikafichuka kwamba dola zipatazo milioni 12 zilikwenda kwa dalali wa biashara hiyo, kupitia akaunti ya Uswisi. Ilipofika 2018 ndipo ukazinduliwa mradi wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Anga ile ile tukailipia upya.

Husemwa kwamba rushwa hufukuza watalii. Nilivyoona mimi, hawakufukuzika: mwaka 2012 walioingia Tanzania walipita milioni moja. Walikuja, wakalipa getini na uwanjani, wakamwona simba, wakarudi kwao. Kilicholiwa ni kile ambacho fedha yao ingeweza kukifanya baada ya wao kuondoka. Deni la Barclays lililipwa kutoka hazina ile ile iliyopokea kodi zetu na dola za wageni.

Mwaka 2010, mahakamani London, BAE ilikiri kosa la kutokuweka vizuri kumbukumbu za hesabu, na baadaye pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Tanzania, zinunue vitabu na madawati ya shule za msingi. Nchi nzima ikaziita chenji ya rada. Mdogo wangu alileta kitabu kipya nyumbani, kikinukia wino, akamwonyesha mama kama zawadi ya serikali.

Mama alikipekua, akauliza kimetoka wapi. Nikamsimulia yote, tangu rada mpaka London. Alikuwa ameuza pamba miaka mingi na kuibiwa kwenye mizani mara nyingi, kwa hiyo hakuhitaji maelezo marefu.

"Wamefanya vizuri kurudisha," akasema. "Lakini mnunuzi akikuibia kilo leo, halafu akulipe baada ya miaka kumi, ada ya mtoto uliyoikosa msimu ule utampelekea nani? Mtoto mwenyewe ameshaoa."